Jina Lililobaki Kituoni

Wiki iliyopita tulimwacha Dokta kasimama mlangoni kwao, mkoba begani, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi, akiwaambia mama yake na dada yake neno ambalo hakuna aliyelitegemea.

"Wanasema mimi ni mwizi."

Hapo ndipo tulipo. Mama yuko kwenye kigoda na sinia la mchele mapajani. Dada mtu yuko kwenye kochi, anakanda miguu iliyosimama tangu asubuhi.

Kwa wewe uliyeazima gazeti la jirani leo tu, nakuhabarisha haraka haraka. Dokta si daktari. Amesomea kazi ya dawa, na jina hilo alipewa nyumbani kwa utani kwa sababu tangu utotoni hamezi kidonge kabla hajasoma maandishi yote ya pakiti. Amefaulu usaili wa hospitali kubwa. Wanataka kumkabidhi stoo ya dawa, kazi ya kudumu, ya kwanza ya kudumu katika nyumba hii. Kilichobaki ilikuwa hospitali kuwauliza polisi kama binti ana doa lolote.

Na Dokta hana doa. Huyu akiokota kalamu ya mtu barabarani hulala nayo macho wazi.

Dada yake ni mlinzi wa mlangoni katika supamaketi moja, yule anayekupekua mfuko ukitoka. Wenzake wanamwita Mama Risiti, maana hata meneja akitoka na mkate wake ataombwa risiti. Mshahara wake ndio unaolipa kodi, ndio unaonunua dawa ya presha ya mama. Mshahara huo huo ndio uliomsomesha Dokta.

"Mwizi wa nini?" Mama aliuliza, macho kwenye mchele.

"Wa manukato!" Dokta akacheka kicheko kibaya. "Eti niliiba manukato dukani nikiwa na miaka kumi na tano. Nikashikwa, nikapelekwa kituoni, nikaonywa. Mimi! Umri ule hata losheni nilikuwa nafukuzwa niende kupaka!"

"Wamekosea mtu. Majina yanafanana."

"Nimewaambia hivyo hivyo, mama. Wakanigeuzia kompyuta. Tarehe ya kuzaliwa ni yangu. Jina la baba ni la baba. Jina la mama ni lako. Majina yatafanana mpaka mama?"

Mama akachagua punje moja ya mchele, akaitazama kwa makini, akairudisha palepale.

"Kesho asubuhi nimeitwa hospitali nikajieleze," Dokta akasema. Sauti ilianza kumkatika. "Nikishindwa, nafasi anapewa mwingine. Na sijui nieleze nini. Mtu anaelezaje kitu ambacho hakukifanya?"

Akaingia bafuni. Maji yakafunguliwa kwa nguvu, lakini nyumba ya vyumba viwili haifichi kilio.

Msomaji, usijisumbue kukisia. Aliyeiba ni Mama Risiti.

Wakati huo alikuwa msichana wa miaka ishirini, mwembamba, uso wa kitoto. Angeiba maziwa ya unga au mkate, leo hii mimi na wewe tungemwonea huruma. Aliiba manukato. Alikuwa ameposwa, wakwe walikuwa wanakuja Jumapili, na alitaka anukie vizuri. Akaitia chupa kwenye mkono wa sweta. Mlinzi wa mlangoni akamshika mkono huo huo. Ndiyo, mlangoni, mahali anaposimama yeye sasa. Na mchumba? Alimwoa hivyohivyo bila manukato, na baadaye akamwacha hivyohivyo.

Mama Risiti alimfuata mama yake jikoni, akafunga mlango kwa kisigino.

"Mama, namwambia."

"Unamwambia nini?"

"Ukweli."

"Halafu?"

"Halafu aende akawaambie si yeye, ni mimi."

Mama akawasha jiko. Mwanamke huyu hana sauti kubwa. Mambo yake yote makubwa huyasema kama anayeuliza chumvi iko wapi.

"Hao polisi watataka kujua ni nani. Watakuja kazini kwako. Mwizi anapekua mifuko ya watu? Utafukuzwa kabla hujavua sare. Kodi atalipa nani?"

"Yeye, akipata kazi."

"Hajapata."

"Atapata, jina lake likisafishwa!"

"Litasafishwa na nani?" Mama akageuka. "Cheti chake cha kuzaliwa nani alikipeleka kituoni? Si mimi? Si ndiye mimi niliyesimama mbele ya kaunta nikasema afande, huyu ni mtoto wangu mdogo, ana miaka kumi na tano, shetani tu kampitia? Unadhani watasema ahsante mama, nenda kapumzike?"

Hilo ndilo lilikuwa kosa lao, na lilifanywa kwa upendo mtupu. Mtu fulani pale kituoni alimnong'oneza mama kwamba mtu mzima anapelekwa mahakamani, ila mtoto huonywa na yakaisha. Mama akakimbia nyumbani, akachukua cheti cha mdogo, akarudi nacho kama cha mkubwa. Afande akatazama cheti, akatazama ule uso wa kitoto, akaridhika. Akaonya. Wakarudi nyumbani wameshikana mikono. Mama alidhani ya mtoto hufutika mtoto akikua, kama chunusi.

Hayakufutika. Yalikaa kimya yakimsubiri mwenye cheti.

"Ulimchagua yeye achafuke," alisema Mama Risiti.

"Nilikuchagua wewe usifungwe!" Hapo mama alipandisha sauti kidogo, akaishusha upesi kwa sababu ya bafuni. "Yeye alikuwa anacheza kamba nje. Nilijua halitamgusa. Wallahi nilijua halitamgusa."

Maji ya bafuni yakafungwa. Wote wawili wakageukia sufuria, wakaikoroga kwa zamu bila sababu.

Mama Risiti alijiapia: asubuhi, njiani kuelekea hospitali, anamwaga kila kitu. Alijipangia mpaka maneno ya kwanza. "Mdogo wangu, nisikilize na usinikate."

Asubuhi kitanda cha Dokta kilikuwa kitupu, kimetandikwa.

"Yuko wapi?"

"Ametoka mapema," mama akajibu. Alikuwa amekaa kwenye kigoda kilekile, hana sinia, hana kitu mkononi. "Nimezungumza naye usiku."

"Umemwambia?"

"Nimemwambia akubali."

"Akubali nini?"

"Kwamba aliiba. Aseme alikuwa mtoto, hakuwa na akili. Wakubwa wanapenda mtu anayekiri. Watamsamehe, yaishe."

"Mama! Yaishe tena? Mara ngapi mama yataisha kwa mtindo huo?"

"Alilia kidogo," mama akaendelea, kana kwamba hajasikia. "Akaniuliza, 'Kwani niliiba?' Nikamwambia hukuiba, lakini kubali. Akanitazama sana. Sijawahi kutazamwa vile na mtoto wangu."

Mama Risiti hakungoja zaidi. Alitoka na sare yake ya kazi, kofia mkononi, akapita kituo cha basi la kumpeleka kazini bila kugeuza shingo. Zamu yake ilikuwa inaanza. Mlango wa supamaketi ungebaki wazi leo, na watu wangetoka na mifuko yao bila kuulizwa na mtu.

Ofisi ya uajiri iko ghorofa ya pili, nyuma ya maabara. Kuna benchi la chuma ukutani na tangazo la kunawa mikono. Mama Risiti alifika akihema, mgongo umetota jasho, akaanza kusoma vibao vya milango.

Mlango wa mwisho ukafunguka. Dokta akatoka.

Meno nje!

"Dada! Mbona uko huku na si kazini? Dada, wamenisamehe!"

Akamkumbatia kwa nguvu. Mama Risiti akasimama kama mti, mikono imening'inia.

"Wamekusamehe?"

"Yule mama wa uajiri ana roho nzuri, we! Nilimwambia nilikuwa mtoto, nilitamani tu. Akasema, 'Binti, sisi tunamwogopa anayekana. Anayekiri tunafanya naye kazi.' Nikaandika maelezo yangu, nikatia sahihi, akanipa na hiki!"

Akainua kitambulisho kipya chenye kamba ya buluu, picha yake ndani, ametabasamu kama hakulia jana.

Hapa, msomaji, wewe ungefanyaje? Ukweli ulikuwa umeshapanda hadi kooni, na sasa ukweli ndio uliogeuka sumu. Akisema mwizi ni mimi, mdogo wake anakuwa mwongo aliyetia sahihi uongo wake asubuhi hii hii. Akinyamaza, mdogo wake anabaki mwizi maisha yote, lakini mwizi mwenye kazi.

Mama Risiti akanyamaza. Kwa mara ya kwanza tangu jana akavuta pumzi yote. Labda mama alikuwa sahihi. Labda jambo hili lilikuwa linatakiwa limezwe tu, kama dawa chungu, halafu maji.

"Hongera, mdogo wangu," akasema.

"Mbona unalia sasa?"

"Ni furaha tu."

Mlango ukafunguka tena. Akachungulia mwanamke wa makamo, miwani imekaa puani, uso mkunjufu. Tumwite Mama Uajiri.

"Binti, bado upo? Vizuri. Nilitaka kusahau. Wewe utashika funguo za stoo, na mle ndani kuna dawa za usingizi, dawa za maumivu makali. Kwa wa stoo tunachukua na alama za vidole, polisi wanalinganisha na zile walizonazo. Wengine hawana lolote kule la kulinganisha, wewe unazo tangu ile siku yako, kwa hiyo itakuwa rahisi zaidi. Afande yuko chumba cha pembeni na mashine yake. Dakika mbili tu, halafu nakupeleka ukaone stoo."

Akaondoka mbele, viatu vyake vikilia kwa upole koridoni.

Mama Risiti akavitazama vidole vyake. Siku ile kituoni walimpaka wino vidole vyote kumi, kimoja kimoja, na yeye akaona aibu ya wino kuliko aibu ya wizi.

Akamdaka mdogo wake mkono.

"Usiende."

"Nini?"

"Sema unaumwa. Sema tumepata msiba. Usiweke vidole vyako mle."

"Dada, una wazimu? Nimeshapata kazi! Ni dakika mbili."

"Havitalingana."

"Vitalinganaje wakati..." Dokta akakomea hapo.

Huyu ni mtu anayesoma pakiti nzima kabla ya kumeza. Sasa alikuwa anasoma. Alimsoma dada yake kuanzia kofia aliyoishika mpaka viatu vya kazi, akarudi juu tena, akaishia kwenye mkono uliomshika.

"Mama aliniambia hukuiba lakini kubali," alisema polepole. "Nikajiuliza usiku kucha amejuaje kwamba sikuiba. Mbona hakuniuliza hata mara moja? Mama mzima, mwanao anaambiwa mwizi, humuulizi?"

"Mdogo wangu, nisikilize na usinikate..."

"Ni wewe."

Mama Risiti akatikisa kichwa kukubali. Hakuwa na la kupanga tena.

"Mimi ndiye nilikuwa nakuonea huruma," Dokta akasema. "Jana usiku nilikuwa nawaza nikipata kazi nikuachishe kusimama mlangoni."

"Binti!" Mama Uajiri akaita kutoka mwisho wa koridoni. "Tunakusubiri!"

Kukimbia ni kukiri. Kuingia ni kuangamia. Dokta akauchomoa mkono wake, akaweka kitambulisho sawa kifuani, akaingia. Dada mtu akafuata nyuma, hakuna aliyemzuia kwa sababu ya ile sare.

Afande alikuwa mtu mnene, mpole, anayepangusapangusa kioo cha mashine kwa kitambaa kama anayefuta miwani ya bibi yake.

"Legeza mkono. Usibonyeze, nabonyeza mimi."

Mashine ikalia mara moja.

"Hailingani," akasema afande. "Mikono ina mafuta. Futa."

Dokta akafuta.

"Hailingani." Akajaribu mkono wa kushoto. Akajaribu vidole vyote vinne kwa pamoja. Akazima mashine, akaiwasha upya, akaweka kidole chake mwenyewe kuijaribu, ikamtambua papo hapo na kuonyesha picha yake akiwa na nywele nyingi zaidi.

Afande hakukasirika. Ingekuwa afadhali angekasirika. Alisogeza kiti, akakaa vizuri, akawa mtu mwenye hamu ya kujua.

"Ngoja nielewe. Kuna msichana tulimchukua vidole akiwa na miaka kumi na tano. Jina lake hili, wazazi wake hawa. Na wewe umemwambia mama hapa, na ukatia sahihi, kwamba msichana yule ni wewe."

"Ndiyo, afande."

"Na siku ile tukakuchukua vidole."

"Ndiyo."

"Vidole havibadiliki, binti. Mtu ananenepa, anazeeka, anaolewa, vidole ni vilevile." Akaegemeza viwiko mezani. "Kwa hiyo msichana mwenye jina hili yuko mahali fulani. Na si wewe. Basi wewe ni nani?"

Dokta akakunja vidole vyake, vikafichika kiganjani.

"Na vyeti vya shule ulivyoleta hapa," Mama Uajiri akadakia, uso mkunjufu umeshakwisha, "vina jina hilohilo. Umevitoa wapi?"

Asubuhi Dokta alikuwa mwizi wa manukato aliyesamehewa. Sasa alikuwa mwizi wa jina, wa vyeti, wa miaka yote aliyokaa darasani. Angesema mimi ni mimi, nani angemwamini? Alishawaambia yeye ni mwingine, kwa mwandiko wake.

Mama Uajiri akanyoosha mkono. Dokta akavua kile kitambulisho chenye kamba ya buluu, akamkabidhi.

"Ni vyangu!" Mama Risiti akapaza sauti kutoka mlangoni. "Afande, vidole mnavyotafuta ni vyangu! Huyu hana kosa. Vyeti ni vyake, jina ni lake, kila kitu ni chake!"

Wote wakageuka. Afande akaitazama sare, kofia, nembo ya supamaketi begani.

"Wewe ni nani yake?"

"Dada yake. Tumbo moja."

Afande hakufurahia majibu mawili ya haraka kutoka kwa watu wawili tofauti ndani ya asubuhi moja. Kazi yake ilikuwa imemfundisha kitu kimoja: wanaoghushi vyeti hawafanyi peke yao. Akanyanyuka, akaufunga mlango, akaupa mgongo. Kisha akamgeukia Dokta.

"Haya, binti. Jibu moja, na ulifikirie. Unamfahamu huyu mwanamke?"

Dokta alimtazama dada yake. Aliyemvusha barabara kwenda shule. Aliyemlipia ada kwa miguu iliyovimba. Aliyemwachia jina kituoni na kurudi nyumbani kula. Machozi yalimjaa, na Mama Risiti akayaona, na akashindwa kujua ni ya upendo au ya chuki. Msomaji, hata mimi sijui.

"Simfahamu," Dokta akasema. "Sijawahi kumwona. Mtoeni nje."

Lakini dada mtu alikuwa ameshaifikia meza, na dole gumba lake lilikuwa limeshakaa kwenye kioo cha mashine.